Kuumwa na mbu baada ya matibabu ya saratani

Kuumwa na mbu baada ya matibabu ya saratani (au kansa) kunaweza kuleta madhara makubwa kuliko yale yanayompata mtu mwingine. Kwa mtu mwenye afya njema kipele cha mbu huwasha kwa siku chache, kisha hupotea. Kwa mtu aliyeondolewa tezi za limfu, aliyetibiwa kwa mionzi, au ambaye dawa zimepunguza seli nyeupe za damu yake, kipele hichohicho kinaweza kuwa mlango wa bakteria. Tena mbu mwenyewe anaweza kumwachia malaria, dengue au ugonjwa mwingine wakati mwili hauna nguvu ya kutosha ya kupambana nao.

Katika Afrika ya Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu malaria iko katika maeneo mengi na watu wengi wamezoea kuihesabu kila homa kuwa malaria. Kwa mtu anayeendelea na dawa za saratani mazoea hayo ni ya hatari. Homa yake inaweza kutokana na bakteria walioingia katika damu, hali inayoweza kuua kwa muda wa saa chache asipopata tiba ya hospitali.

## Jinsi mbu anavyouma

Mbu jike pekee ndiye anayefyonza damu, kwa kuwa anahitaji protini ili kutengeneza mayai. Mbu dume hula maji matamu ya maua na mimea. Jike huingiza mdomo wake mwembamba ndani ya ngozi hadi kwenye mshipa mdogo wa damu, halafu hutia mate yenye kemikali zinazozuia damu isigande.

Kinga ya mwili huyatambua mate hayo kuwa kitu kigeni. Seli za ngozi hutoa histamini, mishipa midogo hupanuka, majimaji huvuja na kipele huvimba. Kwa hiyo muwasho hutokana na jinsi mwili unavyoyapokea mate ya mbu. Ndiyo maana watu wawili wanaoumwa na mbu usiku mmoja katika chumba kimoja wanaweza kupata vipele vya ukubwa tofauti kabisa.

Tundu analotoboa mbu ni dogo sana. Mara nyingi bakteria huingia baadaye, mtu anapojikuna kwa kucha na kuchubua ngozi. Wanaohusika zaidi ni *Streptococcus* na *Staphylococcus aureus*, ambao huweza kuishi juu ya ngozi au puani mwa watu bila kuleta shida.

Mbu wanatofautiana kwa saa zao za kuuma:
- *Anopheles*, anayeeneza malaria, huuma hasa kuanzia jioni hadi alfajiri.
- *Culex*, anayezaliana katika maji machafu ya mitaro na vyoo, huuma usiku.
- *Aedes*, mwenye madoa meupe miguuni, huuma mchana, hasa asubuhi na saa za alasiri kuelekea jioni. Ndiye anayeeneza dengue, chikungunya na homa ya manjano.

## Kwa nini hali hubadilika baada ya matibabu

### Upasuaji na tezi za limfu

Limfu ni majimaji yanayotoka katika mishipa midogo ya damu na kuzunguka kati ya seli za mwili. Mishipa ya limfu huyakusanya na kuyarudisha kwenye damu, yakipitia tezi zinazochuja vijidudu. Tezi nyingi ziko kwapani, kwenye kinena, shingoni na ndani ya tumbo.

Katika saratani ya matiti daktari mpasuaji mara nyingi huondoa baadhi ya tezi za kwapani. Katika saratani ya shingo ya kizazi, ya uke, ya uume au ya ngozi ya mguu, tezi za nyonga au za kinena zinaweza kuondolewa au kupigwa mionzi. Baada ya hapo njia za limfu katika mkono au mguu wa upande ule zinabaki chache. Majimaji yakikusanyika kiungo huvimba, na hali hiyo huitwa limfedema. Baada ya matibabu ya saratani ya matiti humpata takriban mwanamke mmoja kati ya watano. Hutokea mara chache zaidi kwa wale walioondolewa tezi moja au mbili tu za uchunguzi. Inaweza kuanza miezi michache baada ya upasuaji, au miaka mingi baadaye. Sarakoma ya Kaposi nayo huweza kuziba njia za limfu za miguu.

Kiungo cha namna hiyo kina udhaifu wa aina mbili: majimaji yaliyotuama ni mahali pazuri kwa bakteria, na seli za kinga huchelewa kufika. Bakteria wachache walioingia kwa kipele kilichokunwa wanaweza kusababisha selulitisi, yaani maambukizi yanayosambaa chini ya ngozi. Kila selulitisi huharibu mishipa ya limfu iliyobaki, uvimbe huongezeka, na uvimbe ukiongezeka selulitisi nyingine huja kwa urahisi zaidi. Kuvunja mzunguko huo ndilo lengo la kuitunza ngozi.

Mtu ambaye bado hajavimba pia anashauriwa kulinda kiungo cha upande uliotibiwa. Pamoja na mkono, eneo la kulindwa ni kiganja, bega, ubavu na upande wa kifua na mgongo.

### Tibakemikali

Dawa nyingi za tibakemikali hushambulia seli zinazogawanyika haraka. Seli za saratani ziko hivyo, lakini hata seli za uboho, zinazotengeneza damu, ziko hivyo. Kwa sababu hiyo neutrofili, seli nyeupe zinazotangulia kupambana na bakteria, hupungua. Kwa dawa nyingi hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, halafu hupanda tena. Zikiwa chini ya 500 kwa kila mikrolita ya damu, hatari ya maambukizi makali ni kubwa.

Katika siku hizo kipele kilichoingia bakteria kinaweza kudanganya. Usaha hutengenezwa kwa sehemu kubwa na neutrofili zilizokufa, hivyo zikiwa chache usaha hauonekani, uvimbe huwa mdogo, na pengine homa ndiyo dalili pekee. Dawa za steroidi kama deksamethasoni, ambazo hutolewa pamoja na tibakemikali, zinaweza kuificha hata homa.

Chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, nazo hupungua. Hapo mtu akijikuna anaweza kupata madoa ya damu chini ya ngozi.

Baada ya dozi ya mwisho neutrofili kwa kawaida hurudi katika muda wa wiki chache. Seli nyingine za kinga huhitaji miezi, na baada ya kupandikizwa uboho huweza kuhitaji mwaka au zaidi. Vidonge vya homoni kama tamoksifeni havipunguzi kinga kwa namna hiyo.

### Mionzi

Ngozi iliyopigwa mionzi inaweza kuwa nyekundu au nyeusi zaidi, kukauka, kubanduka au kutoa majimaji. Ikikunwa huchanika upesi na hupona polepole. Hata baada ya miaka inaweza kubaki nyembamba na kavu kuliko ngozi ya jirani.

### Kuondolewa wengu

Baadhi ya wagonjwa huondolewa wengu (bandama), au wengu wao huharibiwa na ugonjwa au mionzi. Kiungo hicho huondoa katika damu chembe nyekundu zilizoingiwa na vimelea vya malaria, pamoja na bakteria wa aina fulani kama nimokoka. Mtu asiye na wengu anaweza kupata malaria kali na maambukizi ya ghafla ya bakteria maisha yake yote, hata kama saratani ilishapona.

### Saratani za damu

Watu wenye lukemia sugu ya limfositi wanaweza kupata vipele vikubwa, vyenye malengelenge, vinavyofanana na vya kuumwa na wadudu. Wakati mwingine hutokea hata bila mdudu yeyote kuuma. Kwa kawaida hali hiyo peke yake haimaanishi kwamba matibabu yameshindwa, lakini inafaa kuonyeshwa kwa daktari wa saratani.

## Magonjwa yanayoletwa na mbu

Malaria. Malaria ya *Plasmodium falciparum*, iliyoenea zaidi Afrika kusini kwa Sahara, kwa kawaida huanza siku 7 hadi 30 baada ya kuumwa. Mtu mzima aliyekulia penye malaria nyingi huwa na kinga ya kiasi, inayomzuia asiugue sana. Kinga hiyo hupungua akikaa miaka mingi mahali pasipo na malaria. Kwa hiyo Mswahili anayeishi Ulaya, Marekani au Omani na kurudi nyumbani kusalimia ndugu baada ya matibabu asidhani kwamba bado amezoea. Vilevile mtu wa Nairobi, ambako malaria ni chache, anayekwenda pwani au kando ya Ziwa Viktoria.

Malaria inaweza pia kupitia damu ya kuongezewa, nao wagonjwa wa saratani huongezewa damu mara nyingi. Homa inayoanza siku kadhaa baada ya kuongezewa damu inahitaji kipimo cha malaria hata kama mgonjwa hakumbuki kuumwa na mbu.

Dengue. Ugonjwa huu umetokea katika miji ya pwani, na Dar es Salaam ilipata milipuko mwaka 2014 na 2019. Dengue hupunguza chembe sahani na seli nyeupe. Tibakemikali hufanya vilevile, kwa hiyo zikikutana hatari ya kutokwa damu huongezeka.

Chikungunya. Jina hili limetoka katika lugha ya Kimakonde na linahusu kujikunja kwa maumivu. Ugonjwa ulielezwa baada ya mlipuko wa miaka ya 1952-1953 kusini mwa Tanganyika. Maumivu yake ya viungo huweza kudumu kwa miezi na kufanana na yale yanayoletwa na vidonge vya saratani ya matiti kama anastrozoli na letrozoli. Homa ya ghafla mwanzoni ni dalili ya kuyatofautisha.

Homa ya manjano. Chanjo yake ina virusi hai vilivyodhoofishwa, hivyo haitolewi wakati wa tibakemikali wala mara baada yake. Msafiri anayedaiwa cheti cha chanjo hiyo huweza kuomba barua ya daktari inayoeleza kwa nini hawezi kuchanjwa.

Matende. Katika pwani ya Afrika ya Mashariki na visiwani, uvimbe wa mguu umejulikana tangu zamani kama matende. Ugonjwa huo huletwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu na kuharibu mishipa ya limfu. Mkono uliovimba baada ya upasuaji wa titi hufanana nao kwa sura, lakini chanzo ni tofauti na dawa za minyoo haziuponyi. Matunzo ya ngozi hata hivyo ni yaleyale: kuosha kwa sabuni kila siku, kukausha vizuri katikati ya vidole, kutibu kila mchubuko, kuinua kiungo na kukifanyisha mazoezi.

## Homa wakati wa tibakemikali

Joto la mwili la nyuzi 38.3 mara moja, au nyuzi 38 linalodumu saa moja, kwa mtu anayepewa tibakemikali ni dharura. Kipimajoto cha kwapani huonyesha joto la chini kidogo kuliko cha mdomoni, kwa hiyo joto linalokaribia kiwango hicho halipuuzwi. Baridi kali ya kutetemeka, kuchanganyikiwa, kupumua haraka au udhaifu wa ghafla ni sababu ya kwenda hospitali hata bila homa.

Mambo yanayoshauriwa ni haya:
1. Kupima joto kabla ya kumeza parasetamoli, kwa sababu dawa hiyo huishusha homa bila kuondoa chanzo chake.
2. Kwenda hospitali mara moja, hata usiku, badala ya kununua dawa ya malaria dukani na kungoja kesho.
3. Kumwambia mhudumu wa kwanza kwamba mgonjwa anatumia dawa za saratani, zipi, na dozi ya mwisho ilikuwa lini. Kadi ya kliniki ibebwe.
4. Kupimwa malaria na pia idadi ya chembe za damu. Kipimo kimoja hakichukui nafasi ya kingine.
5. Kupewa antibiotiki kwa sindano mapema, ikiwezekana ndani ya saa moja tangu kufika, kama daktari anashuku upungufu wa neutrofili.

Kipimo cha malaria kikionyesha vimelea bado hakithibitishi kwamba homa yote ni ya malaria. Penye malaria nyingi watu wazima wengi hubeba vimelea bila kuugua. Tena aina fulani za kipimo cha haraka huendelea kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya vimelea kwisha. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kuhitaji dawa ya malaria na antibiotiki kwa pamoja. Kadhalika kipimo kisichoonyesha malaria hakimaanishi kwamba mgonjwa arudi nyumbani.

Aspirini na ibuprofeni hazifai kwa homa ya namna hii bila idhini ya daktari. Chembe sahani zikiwa chache, kwa tibakemikali au kwa dengue, dawa hizo huongeza hatari ya kutokwa damu.

## Kutunza mahali palipoumwa

Hatua za kwanza ni rahisi:
- Kuosha mahali hapo kwa maji safi na sabuni, kisha kukausha kwa kugusa taratibu bila kusugua.
- Kuweka kitambaa kilicholowekwa maji ya baridi kwa dakika 10 hivi. Barafu haiwekwi moja kwa moja juu ya ngozi, hasa iliyopigwa mionzi au isiyohisi vizuri.
- Kutojikuna. Kucha zikatwe fupi, na anayejikuna usingizini anaweza kuvaa glavu za pamba.
- Kupaka losheni ya kalamini, au krimu hafifu ya haidrokotisoni juu ya ngozi isiyochubuka kwa siku chache.
- Kumeza dawa ya mzio kama setirizini ikiwa vipele ni vingi, baada ya kumuuliza daktari au mfamasia. Klofeniramini, ijulikanayo kama piritoni, hufanya kazi pia lakini huleta usingizi.
- Kama ngozi imechanika, kupaka dawa ya kuua vijidudu na kufunika kwa bandeji safi. Plasta yenye gundi kali haifai juu ya ngozi dhaifu.
- Kuvua pete, bangili na saa kabla mkono haujavimba.

Njia nyingine zilizozoeleka huongeza madhara: kupaka mafuta ya taa, dawa ya meno au spiriti, kumwagia maji ya moto, kukamua kipele, au kupigwa chale juu ya uvimbe. Chale juu ya kiungo chenye limfedema huwafungulia bakteria milango mingi kwa mara moja.

### Dalili za selulitisi

Kipele cha kawaida huanza kupungua baada ya siku moja au mbili. Selulitisi huendelea kukua. Vitabu vingi vya tiba huitaja kwa wekundu, lakini juu ya ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Rangi huweza kuwa nyeusi zaidi, ya zambarau, au isibadilike sana. Kwa hiyo dalili za kutafuta ni hizi:
- joto la ngozi, likilinganishwa kwa mgongo wa kiganja na upande mwingine
- maumivu yanayozidi badala ya muwasho
- ngozi iliyokaza na kung'aa, au nguo na pete kuanza kubana
- mstari unaopanda kutoka kwenye kipele kuelekea kwapani au kinenani
- uchovu, baridi au homa, ambayo pengine hutangulia mabadiliko ya ngozi

Inasaidia kuchora kwa kalamu mpaka wa uvimbe na kuandika saa. Uvimbe ukivuka mpaka huo, mgonjwa anahitaji kuonwa na daktari siku hiyohiyo. Tiba ni antibiotiki zinazotumiwa mpaka mwisho wa dozi, pamoja na kupumzisha na kuinua kiungo. Soksi au mkono wa kubana uvimbe huvuliwa kama unaumiza, na kuvaliwa tena maumivu yakipungua. Mtu anayepata selulitisi mara kwa mara anaweza kuandikiwa antibiotiki za muda mrefu za kuzuia.

## Kujikinga

Chandarua. Chandarua chenye dawa ya kudumu ndiyo kinga ya kwanza usiku. Kichomekwe chini ya godoro pande zote, na matundu yashonwe. Mkono au mguu uliovimba usiegemee chandarua, kwa sababu mbu anaweza kuuma kupitia kitambaa. Mgonjwa anayelazwa anaweza kuuliza kama wodi ina vyandarua.

Mavazi. Nguo pana, za mikono mirefu na rangi isiyokolea hufaa kuanzia jioni. Mbu wengi wa malaria huuma miguu na vifundo vya mtu aliyekaa, hivyo soksi, suruali au kanga ya kufunika miguu ni ya maana, hasa kwa mwenye uvimbe wa mguu. Dawa ya permethrini hutiwa kwenye nguo wala haipakwi mwilini.

Dawa za kujipaka. Zenye ushahidi mzuri ni DEET ya asilimia 20 hadi 30, ikaridini ya asilimia 20, na dawa yenye PMD itokanayo na mkaratusi wenye harufu ya limau. Hupakwa kwenye ngozi nzima iliyo wazi; hazipakwi juu ya vidonda, michubuko au ngozi inayobanduka kwa mionzi. Mafuta ya kuzuia jua yakitumika, hupakwa kwanza, halafu dawa ya mbu. Anayevaa mkono au soksi ya kubana uvimbe akumbuke kwamba DEET huharibu nyuzi za elastiki, na vazi hilo ni ghali. Ikaridini haina tatizo hilo.

Nyumba. Wavu wa madirishani, milango inayofungwa mapema jioni na feni hupunguza mbu. Moshi wa dawa ya kuchoma hufukuza mbu pia, lakini unakera mapafu, kwa hiyo haufai ndani ya chumba cha mtu mwenye saratani ya mapafu au aliyepigwa mionzi kifuani. *Aedes* huzaliana katika maji safi yaliyotuama: mapipa yasiyofunikwa, matairi, makopo, vifuu vya nazi na sahani za maua. Vyombo hivyo vimwagwe na kusuguliwa kila wiki.

Dawa za kuzuia malaria. Mtu asiye na wengu, mwenye kinga ndogo au asiyezoea malaria anaweza kuandikiwa vidonge vya kuzuia anaposafiri. Uchaguzi hutegemea dawa nyingine anazotumia.

## Mwingiliano wa dawa

Dawa za malaria zinauzwa kwa urahisi, lakini baadhi hazipatani na dawa za saratani. Salfadoksini-pirimethamini (SP) hufanya kazi kwa kuzuia folati, kama ilivyo methotreksati. Zikitumiwa pamoja zinaweza kudhoofisha uboho kwa kiasi kikubwa. Dawa mseto ya artemetha-lumefantrini huweza kubadilisha mapigo ya umeme ya moyo. Ondansetroni ya kuzuia kutapika na baadhi ya vidonge vya lukemia, kama nilotinibu, hufanya hivyo pia. Hayo hayamaanishi kwamba malaria iachwe bila tiba. Malaria isiyotibiwa ni hatari kubwa zaidi, na malaria kali hutibiwa hospitalini kwa sindano ya artesuneti. Maana yake ni kwamba anayeandika dawa anapaswa kuiona orodha yote ya dawa za mgonjwa.

## Imani zisizo sahihi

*Mbu hubeba saratani kutoka kwa mgonjwa hadi kwa mtu mwingine.* Si kweli. Seli za saratani haziambukizwi kwa mbu, na mgonjwa hana haja ya kutengwa alale peke yake. Swali hili pengine limechangiwa na habari za limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto iliyoelezwa mwaka 1958 na daktari mpasuaji Denis Burkitt huko Kampala, Uganda. Saratani hiyo huonekana zaidi penye malaria nyingi. Mbu hawaiambukizi: inahusiana na virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964, pamoja na malaria ya mara kwa mara inayovuruga kinga ya mtoto.

*Kipele kisichopona ni saratani iliyorudi.* Mara nyingi sivyo. Vipele vya mbu vinaweza kuacha kinundu kigumu kwa wiki kadhaa, na tezi ya jirani inaweza kuvimba kwa muda. Hata hivyo kinundu au tezi inayoendelea kukua, au isiyopungua baada ya wiki mbili au tatu, inapaswa kuchunguzwa.

*Kula kitunguu saumu au vitamini B hufukuza mbu.* Majaribio hayakuonyesha faida hiyo.

*Mkono ulioondolewa tezi hautakiwi kutumika.* Mazoezi ya taratibu na kazi za kawaida husaidia limfu kusukumwa. Cha kuepuka ni majeraha, kuungua na kuumwa na wadudu.

## Tazama pia

- Dengue
- Limfedema
- Limfoma ya Burkitt
- Malaria
- Matende
- Mbu
- Saratani ya matiti
- Saratani ya shingo ya kizazi
- Tibakemikali